Kambi ya Warukia Moto

Usiku wa kuamkia jana niliota nimekwenda kununua uzi. Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Lushoto, kwa hiyo ndoto ya uzi si ajabu kwangu. Nilisukuma mlango wa duka, na ndani hapakuwa na duka. Palikuwa na uwanja wa ndege, mchana kweupe.

Cherehani nyeusi ya kukanyaga ilikuja kunipokea kwa miguu yake ya chuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hapa ni wapi?"

"Kambi ya warukia moto. Msitu ukiwaka mahali ambapo gari halifiki, watu wetu wanapanda ndege, wanaruka na miavuli, wanauzima. Karibu utembee."

Inanitembeza. Naona mnara mrefu, ndani miavuli imening'inizwa ikauke kama kanga. Naona wanaume kwa wanawake wameinama kwenye meza, kila mmoja anashona vazi lake la kurukia. Nauliza mbona hawana fundi wa kuwashonea.

"Mshono ukifumuka angani utamlaumu nani?" inasema cherehani. "Hapa mtu hujishonea."

Ukutani kuna ubao wa majina, na mbele ya kila jina umeandikwa moto wa mtu huyo. Jina la nne ni langu. Hidaya Shekiondo: moto wa Agosti, saa nane mchana.

"Mimi ni mgeni," nasema. "Nimekuja kutembea tu."

"Sheria yetu ni moja. Kila mtu anazima moto wake."

"Ule ulizimika miaka sita iliyopita."

"Ulizimwa na nani?"

Naugeuzia ubao mgongo.

Nieleze hapa, maana ndotoni hakuna aliyehitaji kuelezwa. Agosti ile nilikuwa nachoma mabua shambani. Simu ikaita, mwalimu anataka sare zake, nikapanda nyumbani mara moja, dakika mbili tu. Niliporudi moto ulikuwa umeshaingia msituni. Nilikimbia na ndoo, haikusaidia kitu. Iliungua mizinga yote ya mzee Shembilu, jirani yangu mrina asali. Watu wakasema ni yeye, na moshi wake wa kufukuzia nyuki. Mkutano wa kijiji ukamkataza kukanyaga msituni tena, naye akahamia Handeni kwa mwanawe. Mimi nilikaa mstari wa pili. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia.

King'ora kinalia: "Dakika mbili tu! Dakika mbili tu!" Kinalia kwa sauti yangu, na watu wote wanajifanya hawajatambua.

Napandishwa kwenye mizani.

"Kilo sitini na mbili," inasema mizani, "na kitu kingine ambacho si kilo. Kiteremshe."

"Hakiteremki."

"Basi ruka nacho."

Mara tuko angani ndani ya ndege, wala sikumbuki kuipanda. Msimamizi wa mlango ni utepe wa karatasi ya njano. Unajirusha kwanza kupima upepo, kisha unarudi ukihema.

"Upepo unaelekea mizingani," unasema. "Kama siku ile."

Naruka. Mwavuli unafunguka juu yangu, nauangalia, nao umeshonwa kwa zile sare zilizonikimbiza. Kola nyeupe, sketi za bluu. Kazi safi, siwezi kusema uongo.

Nikatua shambani kwangu, pale linapoingia msituni. Moto ulikuwa bado mdogo, kama kigoda. Mzee Shembilu alikuwa anaupiga kwa tawi la majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Mzee, moto huu ni wangu."

"Najua. Nilikuwa juu ya mti. Nilikuona ukiuwasha, nikakuona ukikimbia na ndoo."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Nilikuangalia mkutano mzima."

Ni kweli, aliniangalia. Mimi nilikuwa naangalia kandambili zangu.

Tukauzima pamoja, yeye kwa tawi, mimi kwa viganja. Haukuchukua muda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ulikuwa moto wa kuzimwa na watu wawili. Nyuki wakatoka mizingani, wakatutazama, wakarudi kazini.

"Twende nyumbani, mzee," nikamwambia.

"Mimi siwezi kutoka. Nimekatazwa kuwa hapa. Nikitoka wataniona." Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia, kisha akakaa chini kwenye majivu. Nilimvuta mkono. Alikuwa mzito kama nyumba.

Nikaamka nikilia. Jua lilikuwa limeshapanda. Binti yangu Mwanahawa aliingia na kikombe cha chai, akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama, mbona chumba kinanuka moshi?"

Nikatoa mikono chini ya shuka. Viganja vilikuwa na masizi, meusi tii, mpaka kwenye kucha.

Mwanahawa akaweka kikombe chini. "Umechoma nini?"

Miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Mizinga ya mzee Shembilu," nikasema. "Kaa hapa, nikueleze."