Dawa ya Siku ya Tisa

Naftali alikuwa bwana shamba wa vijiji vitatu upande wa Ikungi, na msimu ule wa sabini na nne yeye ndiye aliyewashawishi watu wapande uwele mapema, kwa mistari. Walimsikiliza. Kufikia Januari uwele ulikuwa magotini, na hata wale walionung'unikia kuhamishiwa kijiji cha ujamaa walianza kunyamaza.

Jumatatu moja mama mmoja mjane, Theodora, alimfuata ofisini. Naftali alimwamkia shikamoo. Mama akaitikia, kisha akafungua pindo la kanga na kumwonyesha viwavi vyeusi vyenye mistari ubavuni. Viwavijeshi. Walipofika kwenye shamba la kijiji, ardhi yote ilikuwa inatambaa, na ukitulia ulisikia vikitafuna.

Siku ileile alituma barua wilayani kuomba dawa. Huku nyuma watu wakachimba mtaro, wakavifagilia humo na kuvifukia. Kabla ya adhuhuri mtaro ulijaa, na vilivyobaki vikapita juu ya vingine, moja kwa moja hadi kwenye kishamba cha Theodora.

"Wewe ndiye uliyesomea haya, mwanangu," alisema mama. "Niambie nifanye nini."

Naftali alivua viatu, akachukua kibuyu, wakaviokota kwa mikono mpaka vidole vikawa kijani. Siku ya tatu vilibaki vijiti vitupu.

Dawa ya unga ilifika siku ya tisa, magunia manne. Naftali alikuwa ameshafukua udongo akaona viwavi vimezama ardhini, vimejifunga ndani ya maganda ya kahawia. Alimweleza mwenyekiti Simeoni kwamba huko dawa haivifikii, na kwamba vikitoka baada ya siku chache vitakuwa nondo, viruke na upepo kwenda kutaga kwingine.

"Nyunyiza tu," Simeoni alisema kwa upole. "Tukiirudisha, mwakani hatupewi."

Akanyunyiza. Vumbi jeupe likatua juu ya vijiti. Theodora alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mbegu nyingine. Naftali akamwambia hakuna.

Alasiri aliandika barua ya kuwaonya wenzake wa Nduguti, maana upepo ulikuwa ukielekea huko. Dereva wa lori lililoleta dawa aliipokea vizuri, akasema ataifikisha, ila kwanza gari litalala gereji Singida, springi imekatika. Labda wiki ijayo. Naftali akamshukuru, akasimama barabarani mpaka lori lilipopotea.