Nyumba Zitatolewa kwa Eshele

Lukusa Baudouin aliloweka sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, ndani ya siki kwa siku tatu. Akaichuja, na maji yale ya rangi ya chai ndiyo aliyopaka kwenye paa. Paa lenyewe lilikuwa dogo kuliko bahasha. Lilipokauka likawa na kutu ya paa lililonyeshewa miaka ishirini, naye akaridhika, akanawa mikono, akaenda kula.

Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini, mtu wa ishara za treni kati ya Kolwezi na Tenke. Alipostaafu, treni za kweli zikawa zinapita zinapotaka, basi akajitengenezea zake sebuleni: kituo cha Tenke, bohari, mabehewa ya shaba, nyumba za wafanyakazi. Kwake treni zilifika kwa wakati. Na katika ufundi huo, kujenga nyumba ni rahisi. Kazi ni kuizeesha. Lukusa alisaga jiwe la shaba akapata kijani cha kupaka ukutani panapochuruzika maji. Vumbi jekundu alilipata kwa kufungua dirisha.

“Mi niliolewa na cheminot, sikuolewa na gare,” mke wake Domitille alisema kila alipozunguka meza kufika jikoni; kwake mtu wa reli na kituo cha treni vilikuwa vitu viwili. Hata hivyo alimshonea mapazia ya vidirisha, maana alikuwa na macho mazuri na moyo mzuri kuliko mdomo wake.

Halafu ikagundulika kwamba chini ya mtaa wao kuna shaba na kobalti. Mtaa uliitwa Signal, nyumba mia moja na kumi na mbili, nyingi za watu ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba ya wengine. Kampuni ya mgodi ikamtuma Stanislas, ofisa wake wa mahusiano na jamii, kijana mpole aliyetembea na katoni za biskuti. Stanislas alieleza kwamba kila mtu atahamishwa, nyumba kwa nyumba, na akamwomba Lukusa atengeneze maketi, yaani mfano mdogo, ya mtaa mpya ili watu waone wanakokwenda.

Lukusa alifanya kazi miezi mitano. Stanislas alitaka nyumba safi, zisizo na alama ya mvua wala moshi. Fundi alitii kwa nyumba mia moja na kumi na moja. Ya mwisho, iliyoandikiwa jina lake, ilimshinda. Aliipiga ufa mwembamba karibu na dirisha na kutu juu ya jiko, kwa sababu nyumba isiyo na kutu ilimtia aibu.

Mkutano ulifanyika Manika, kwenye ukumbi wa kampuni. Maketi iliwekwa katikati na watu wakaizunguka wakila biskuti. Stanislas akasoma mkataba: kila familia iliyo kwenye orodha itapewa nyumba kama inavyoonekana hapa, kwa eshele ya moja kwa themanini na saba. Sasa, Kifaransa kina neno moja tu la ngazi na la kipimo cha ramani, na mjini Kolwezi watu wanaijua eshele ya kupandia.

Mzee Tshilombo, kiongozi wa kwaya, aliinua mkono. “Tata Stanislas, iyi eshele, kila famille iko na yake, ao tutatumia moja batu makumi munane na saba?”

“Eshele ni moja kwa bote, tata. Hatuchagui batu.”

Watu walipiga makofi. Eshele ina kazi nyingi nyumbani. Walisaini wote, na Lukusa naye akasaini. Ukumbini humo ni yeye peke yake, kati ya wenyeji, aliyejua eshele ile ni kitu gani, maana aliitumia kila siku. Alipaswa kusimama aseme. Hakusimama. Alikuwa anasikiliza watu wakisifu milango yake, na hilo halina udhuru.

Siku ya makabidhiano familia zilifika ukumbini na magodoro, sufuria na kuku. Kigoda kiliwekwa kando ya meza ya maketi. Mtu alipanda, akainama mlangoni, akainama tena, na alipomaliza kuinama alikuwa ndani. Godoro lilifuata mkono ulioshika. Saa kumi na mbili jioni mtaa mzima ulikuwa umehamia mezani, kila mtu mzima na urefu wa nusu njiti ya kiberiti. Lalamiko lililoandikwa siku hiyo lilikuwa moja: hakuna eshele hata moja.

Nyumba, tuseme haki, zilikuwa imara. Moja tu ilivuja. Dari ya ukumbi ilikuwa na tone lake, na tone likianguka juu ya jiko la Domitille lilizima moto.

“Njo weye ulipaka ile kutu,” alimwambia mumewe.

“Ilikuwa ya kweli.”

“Sasa njo ya kweli.”

Wageni wa kampuni walikuja na lensi za kukuzia. Ripoti ilisema kwamba uhamisho haujawahi kutumia ardhi kidogo namna ile, na Stanislas akapandishwa cheo. Aliyetaka kutoka alibaki na kimo cha nyumba yake mpaka karatasi ya kumwachia isainiwe, na mwenye kusaini alikuwa likizo. Pale palipokuwa Signal palikuwa shimo, magari yakishuka na kupanda.

Lililomuuma Domitille halikuwa tone. Binti yao wa pekee, Jémima, alikuwa mwalimu Likasi, na siku ya kuhesabu watu hakuwapo. Alifika akiwa na mimba ya miezi minane, akapanda kigoda, akainama, akainama tena, na tumbo likagonga meza. Mlango haukumjua. Stanislas alimweleza kwa upole kwamba, kufuatana na utaratibu, asiyehesabiwa si wa familia. Anaweza kutembelea kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, bila kugusa mapaa. Lukusa aliandika barua ya kupinga. Ilipokelewa rasmi, ila ilikuwa na ukubwa wa punje ya chumvi na hakuna aliyeisoma.

Domitille alilia siku mbili. Kwao mtoto mchanga huogeshwa na nyanya yake, kaku. Ndivyo mama mzazi wa Domitille alivyomwogesha Jémima, na sabuni ya mjukuu, Abigaël, ilikuwa imenunuliwa kabla hata jina halijapatikana.

Jémima alirudi mtoto akiwa na siku sita. Alimlaza ukingoni mwa meza, juu ya nguo, pale mtaa unapoishia. Watu wa Signal walitoka nje, na Tshilombo akaanzisha wimbo wa kupokea mgeni. Pumzi ya mtoto ilifungua na kufunga mapazia.

“Mama, mutoto njo uyu,” Jémima alisema. Alikuwa amejifunza kunong’ona ili asiwaangushe.

Domitille alikuja na beseni, taulo na sabuni. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza na ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisha akapanda taratibu, akisugua kila mkunjo. Ilipogonga saa kumi alikuwa amefika kwenye kiungo cha kwanza. Stanislas, mlangoni, alitazama saa yake.

“Mama, saa ya visite imeisha. Utaendelea kesho.”

“Kaku njo anaogeshaka mutoto,” Domitille alijibu bila kugeuka. “Si karatasi.”

Lukusa alikuwa amesimama pembeni na beseni tupu. Alipiga hesabu, na safari hii aliisema kwa sauti, wote wakaisikia: kwa mwendo ule, saa nane kwa siku, kwa eshele ile, Domitille angefika usoni mwa mtoto wakati mtoto anakwenda shule na anaoga mwenyewe.

Domitille akamwambia aache kuhesabu, alete maji.