Aliyekataa Kuonja

Msinione kimya mkadhani nimesamehe. Sijasamehe! Anastasia nilimpokea hapa Bigwa hana hata sufuria, nikamfundisha kupika gongo: sukari, hamira na maji, pipa lifunikwe mpaka povu likatike, ndipo liende motoni, na mvuke upite kwenye bomba lililolazwa kijitoni upoe. Yanayotangulia kudondoka mwaga, ndiyo yenye sumu, nilimwambia, hata kama roho inakuuma. Akashika upesi. Nikampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Sasa huku kwetu, tangu watu wasikie habari za gongo inayopofusha, hanunui mtu kabla mpishi hajanywa kikombe cha kwanza mbele ya macho yao. Nami sinywi. Mume wangu aliuawa na pombe, na siku tunamzika niliapa kaburini kwamba haitagusa midomo yangu. Wateja hunitania, "Mama Diana, unatupikia usichokiweza?" Nacheka tu. Kikombe alikuwa akininywea Anastasia, na wote waliridhika.

Jumamosi ile walijaa uani. Nikamimina, nikampa. Akanusa. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hii siinywi, dada. Unisamehe."

"Una nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Siinywi tu."

Loo! Mwalimu Jonathan, mteja wangu wa miaka yote, akairudisha chupa yake tupu kwenye mfuko. "Mama Diana, umetia nini humu?"

"Sukari na hamira! Anastasia, si tumepika wote? Waambie!"

Akatazama pembeni. Mshenzi yule, akatazama pembeni! Watu wakaanza kunyanyuka, nami nikajua wakitoka hivyo nimekwisha: nitaitwa muuaji mpaka sokoni, na hakuna atakayenunua kwangu hata chumvi. Nikakinyakua kikombe. Marehemu anisamehe huko aliko. Nikanywa chote, kikanichoma mpaka machozi yakanitoka, nikakipindua waone.

"Mmeona? Haya, kaeni basi!"

Mwalimu akaniangalia kwa huruma. "Tutapita kesho, tukikukuta mzima."

Kesho yake nilikaa mlangoni tangu asubuhi ili kila mtu anione. "Umeamkaje, Mama Diana?" "Salama kabisa!" nikajibu kwa sauti, hata kwa ambao hawakuuliza. Wakapita na madumu yao, hakuna aliyeingia. Wote wanapandisha na kijito. Nikawafuata.

Nyuma ya migomba palikuwa na kibanda kipya cha mabua, pipa jipya, na bomba limelazwa majini vilevile nilivyomwelekeza. Kumbe! Siku zote ananiita dada, anajenga. Shukrani ya punda ni mateke, nilikuwa nasikia tu. Anastasia alikuwa katikati ya wateja wangu, amejifunga khanga kiunoni, anamimina. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Akanisogezea kikombe.

"Karibu, dada. Si unakunywa siku hizi?"