Jani Lililodondoka

Jani lilidondoka pale pale Mama Pacha alipodhani amemaliza. Alikuwa amekata penye daraja, kile kipande chembamba kinachoachwa ili ua lishikamane na fremu, na jani zima likaangukia vumbi la mbao. Akabaki ameshika msumeno. Huu ndio ulikuwa ubao wake wa majaribio ya kazi. Ukikataliwa, karakanani hana nafasi tena, na pacha wake hawana mwingine wa kuwatazama tangu baba yao afariki.

Fundi alikuja, akautazama, akaguna. Hakufoka, maana naye alikwisha kudondosha majani ya kutosha enzi zake. Akamwambia alirudishe kwa gundi, apige msasa, wapeleke. Ubao ulikuwa wa ofisi ya mafao, wa kuziba dirisha la kaunta. Mkubwa wa pale kachoka kuchunguliwa na watu, ila pazia hataki. Anataka maua maua, na vitundu vya hewa tu.

Mama Pacha alilijua dirisha lile kuliko mlango wa kwake. Mwaka mzima amefuatilia mafao ya marehemu, na mwaka mzima karani anamwambia mkubwa kasafiri. Alisafiri mvua, akasafiri kiangazi. Mtu gani huyo asiyefika aendako?

Aliusimamisha ubao juu ya meza, akasimama mbele yake kama anavyosimama kaunta. Tundu la jani likaja usawa wa jicho. Roho ilimuuma, tena sana. Akachukua msasa, akalainisha kingo za lile tundu taratibu, jani akalitia mfukoni.

"Hujalirudisha," fundi alisema.

"Sijalirudisha."

"Wakiukataa, mimi sikutetei, dada. Nami nina watoto."

"Najua, fundi."

Ofisini waliingizwa kwa mlango wa nyuma. Walipokwisha kuukaza ubao, mkubwa mwenyewe alitoka chumba cha ndani na kikombe mkononi, akapapasa maua, akasema kazi nzuri. Kisha kidole chake kikasimama kwenye tundu.

"Na hili mbona kubwa?"

Fundi akajifanya anatafuta skrubu sakafuni.

"Hewa, mkubwa," alijibu Mama Pacha.

Mkubwa akaridhika, akavuta kiti, akaketi pale pale nyuma ya ubao na chai yake.

Mama Pacha alikung'uta vumbi, akazunguka nje, akashika mkia wa foleni kama siku zote. Mbele, karani alikuwa akimwambia mzee mmoja kupitia uwazi wa chini kwamba mkubwa kasafiri, ajaribu wiki ijayo. Mzee alisogeza uso kwenye maua, akaweka jicho.

"Yupo," aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Anakunywa chai."

Mmoja mmoja wakapita kuchungulia, Mama Pacha akiwa wa mwisho. Kisha wote wakarudi kwenye benchi, wakaketi kumsubiri arudi safari.