Kura Isiyojua Ukewenza

Mzee Shamte wa Newala alikuwa mtu wa mizani. Akinunua khanga, kila mke doti yake. Akichinja kuku, hata shingo inagawanywa. Kwa hiyo bi mkubwa, Mwanakombo, alipomwona nesi Scholastika anaupita mlango wake na mashine ya presha, anaingia kwa mke mwenzake Shamila, roho ilimuungua kama ngozi iliyorukiwa na mafuta ya ganda la korosho.

Presha wanayo wote wawili. Watafiti waliowaandikisha walishaeleza: wanataka kujua kama mgonjwa anayefuatwa nyumbani anapata nafuu kuliko anayekwenda mwenyewe zahanati. Kura ikapigwa. Shamila akaangukia kufuatwa, Mwanakombo kujipeleka.

"Kura gani isiyomjua bi mkubwa?" akamaka. "Sijipeleki! Mimi mbuzi wa mnada?"

Akasusa zahanati. Dawa zikamwishia, kichwa kikawa kinamgonga kama kinu, naye anahesabu tu vicheko vinavyotoka kwa Shamila nesi akija.

Siku Shamila aliposhuka Masasi kumcheza unyagoni mwali wa dada yake, Mwanakombo akajitanda khanga ya mwenzake mpaka machoni, akakaa barazani kwa huyo mwenzake. Kwa bahati Scholastika alikuwa na udhuru. Akaja Gerson, nesi mgeni.

"Shikamoo, Mama Twahiru."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa sauti ya kudeka, kama anavyodeka Shamila, Mama Twahiru mwenyewe.

Gerson akapima. Akapima tena. "Mama, mbona imepanda hivi? Ile dawa imeshindwa. Ngoja nimpigie daktari akuongezee dozi."

Mwanakombo akatabasamu ndani ya khanga. Kisha akauliza, kama anauliza bei ya dagaa: "Na hiyo dozi akiimeza mtu ambaye presha yake imetulia?"

"Ataanguka, mama. Anaweza asiinuke."

Shetani akamnong'oneza: mlango utabaki mmoja. Mwanakombo akamsikiliza kidogo, tusimsingizie. Lakini Shamila akifa, yeye atamwonea nani wivu? Mzee Shamte, na yale meno mawili yaliyobaki?

Akaifunua khanga. "Acha hiyo simu. Mimi Mama Hamudi. Mkono huu ni wangu, na presha ni yangu."

Gerson alimpeleka hospitali siku ileile, presha ikatulizwa. Watafiti nao wakakuna vichwa, wakauliza nyumba nyingine za wake wawili. Kumbe kwingine wake walikuwa wanakatiana vidonge nusu kwa nusu, eti haki. Katika utafiti uliofuata kura ikapigwa kwa nyumba, si kwa mtu. Ilipothibitika kwamba wanaofuatwa ndio wanaotulia, manesi wakaanza kupita kila mlango.

Sasa Scholastika huanza kwa bi mkubwa. Juzi alipotoka huko, alimkuta Shamila amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Nesi, mbona kwake umekaa sana?"

Kutoka kwa bi mkubwa kikasikika kicheko, chembamba, cha kudeka.