Mgongo wa Yeshimebet

Yeshimebet alikuwa amemaliza kukaanga kahawa, akainuka kukizungusha kikaango ili kila mtu anuse moshi wake, kama afanyavyo kila asubuhi. Miguu ikakataa. Akaanguka chini, buni zikatapakaa sakafuni.

Akasema ni baridi tu imemwingia mgongoni. Jirani akataka aitwe mkandaji. Bezawit, binti yake, hakukubali. Wiki iliyopita mkandaji alishaukanda mgongo huo kwa siagi, na tangu hapo mama alikuwa akitembea kwa kushika kuta.

Hospitalini, daktari kijana aliuliza kama mama aliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Mama alikuwa pale pale kwenye kiti cha magurudumu, akisikiliza. Bezawit akajibu hapana. Titi lilipokatwa mwaka juzi, wajomba waliamua mama aambiwe ni jipu. Habari kama ile hupewa ndugu. Mgonjwa huachwa alale.

Basi wakapelekwa kuomba zamu ya kipimo cha MRI kama watu wa mgongo wa kawaida.

"Mgongo?" karani alicheka. "Dada, Addis nzima inaumwa mgongo. Hata mimi hapa nimekalia upande. Rudini mwezi ujao."

Mpiga picha wa mashine hiyo ya MRI, mzee mpole aitwaye Lemessa, alikuwa akipita. Akaitazama miguu ya Yeshimebet, akachuchumaa, akaibinya vidole. Mama akamuuliza ataanza lini kugusa. Lemessa akaacha kutabasamu.

"Amewahi kupasuliwa?" akamuuliza Bezawit. "Niambie, mwanangu. Kama uti wa mgongo umebanwa na kitu, tunaupiga picha wote leo. Miguu ikishazima kabisa, hairudi."

Bezawit alitafuta pembe ya kwenda kunong'ona. Mama alikuwa ameushika upindo wa shali ya bintiye, hauachii.

"Titi," Bezawit akasema. "Ilikuwa kansa, Mama. Halikuwa jipu."

Wakapewa nafasi kwenye mashine siku ile ile. Picha zilipotoka, Lemessa aliwaonyesha pingili moja ya mgongo iliyoliwa na kansa, na uti uliosukumwa ukawa mwembamba kama utambi. Mama akachomwa sindano ya kupunguza uvimbe saa ile ile. Tiba ya mionzi ingeanza kesho. Wamewahi, alisema Lemessa. Bezawit akainama kumbusu mikono, mzee akairudisha nyuma kwa aibu. Kwenye benchi, migongo mingine iliinuka mmoja mmoja kurudi nyumbani hadi mwezi ujao. Hakuna aliyewauliza kitu.

Wodini Bezawit alimfunika mama miguu, akamwomba msamaha.

"Jipu gani hilo linaondoka na titi zima?" mama akasema. "Nilijua. Nilinyamaza ili wajomba zako wasilie."

Akauvuta mkono wa binti yake, akauweka kifuani, upande uliobaki bapa.

"Mungu akubariki kwa kuutaja ugonjwa. Sasa nina mtu wa kumwambia. Naogopa, Bezi. Naogopa sana."