Asilimia Mia

Kifaa changu hakijui kudanganya. Ndivyo nilivyomwambia shangazi, kifua mbele, siku nilipokifunga kwenye sanduku lake la kutotolea vifaranga. Ni kiboksi chenye betri mbili ndogo. Muda mwingi kimelala ili kisizimalize. Kila dakika tano kinaamka, kinapima joto la mayai, kinapima na betri zake, kinalala tena.

"Kama mjomba wako," alisema shangazi.

"Mjomba akiamka hapimi kitu, shangazi."

Umeme ukikatika na joto likashuka, kinapiga kelele, mtu anakimbia kuwasha taa ya mafuta chini ya sanduku. Miezi miwili, kila nikibonyeza kitufe, kioo kiliandika: betri asilimia mia. Sikujiuliza ni betri gani hiyo isiyozeeka.

Jana mayai tisini na sita yalikuwa na siku ya ishirini, yamebakiza moja tu kuanguliwa. Shangazi alikuwa uani anafua. Mimi nipo chumbani na simu, mara nikagundua haichaji. Tangu saa ngapi? Nikatoka mbio.

Kiboksi kimya. Kipimajoto cha kioo kilisoma thelathini na mbili. Kilitakiwa thelathini na saba na nusu. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ikashika, taa ikawaka. Nikachukua yai, nikaliweka sikioni. Kimya. La pili, kimya. La tatu... tk. Tk. Kuna mtu anabisha hodi humo ndani!

Nikabonyeza kitufe. Kioo cheusi ti. Hapo ndipo akili ikanirudi, imechelewa kama kawaida yake. Nilikiagiza kiboksi kilinganishe betri na umeme unaokiendesha, na umeme huo unatoka kwenye betri zile zile! Ni kama kupima kamba kwa rula inayofupika pamoja nayo: betri ikishuka, na kipimo chake kinashuka. Jibu mia, mia, mia, mpaka kinakata roho.

Sebuleni bibi alikuwa anasinzia kwenye kochi, rimoti ya televisheni ubavuni. Nikanyata, nikachomoa betri zake mbili, nikazipachika kwenye kiboksi. Kikaamka, kikakuta baridi, kikapiga yowe la kufukuza mwizi.

Shangazi akaingia mbio, mapovu hadi kwenye viwiko. Akaona taa inawaka, kipimajoto kinapanda.

"Kimelia! Mwanangu, kidude chako kimeniokolea mayai!" Akanikumbatia, nikalowa mgongo. "Basi nimepata amani. Leo nakwenda kumwona dada yako na mtoto wake, nalala huko huko. Mayai nawaachia wewe na hiki. Betri zake ziko sawa?"

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Mdomo ukanitangulia: "Mia kwa mia, shangazi. Hazijawahi kushuka."

Wakati huo huo umeme ukarudi. Televisheni ikaropoka, sauti juu kabisa. Nikasikia kochi linalia, kisha malapa, taratibu, yakija upande wetu. Bibi akasimama mlangoni, rimoti mkononi, kifuniko cha nyuma wazi.

"Mume wangu," akaniambia mimi mjukuu wake kwa upole ule ninaouogopa, "kama za kidude chako hazijawahi kushuka, za kwangu umezipeleka wapi ukinyata vile?"

Shangazi akaacha kufuta mapovu.